Chombo Kina Wenyewe

Yako madai yanayorudiwa katika maandishi ya wapenda mbio za mashua, nayo hurudiwa kwa utulivu kama kwamba ni shauri lililokwisha kukatwa: kwamba katamarani, chombo chenye miili miwili iliyounganishwa kwa juu, ilizaliwa Marekani mwaka 1876 mikononi mwa Nathanael Herreshoff wa Rhode Island. Mwaka huo Herreshoff alikiingiza chombo chake, Amaryllis, katika mashindano ya New York, akaziacha mbali mashua zilizoshindana naye. Walioshindwa walilalamika, ushindi ukabatilishwa, na mwaka 1877 mwenyewe akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Tangu hapo jina lake limesimamishwa mlangoni mwa historia hii, na kila anayetaka kuingia hupitishwa hapo kwanza.

Upungufu wa madai haya unaanzia katika neno lenyewe. Katamarani ni neno la Kitamil: kattu ni kufunga, maram ni mti. Waliolitamka ni wavuvi wa pwani ya kusini mashariki ya Bara Hindi, waliofunga magogo kwa kamba wakatoka nayo kwenda kuvua. Lakini chombo chao kilikuwa cha jamii ya chelezo. Mitumbwi pacha, iliyofungwa ubavu kwa ubavu na kutwekwa tanga, ilikuwa ya watu wa visiwa vya Pasifiki. Kwa hiyo jina limetoka kwa watu wa bahari moja, umbo limetoka kwa watu wa bahari nyingine, na sifa amepewa mtu wa bahari ya tatu.

Hata huko Ulaya kwenyewe Herreshoff hakuwa wa kwanza. Zaidi ya miaka 200 kabla yake, mwaka 1662, William Petty aliunda chombo cha miili miwili mjini Dublin, akakishindanisha na vyombo vya kawaida. Na ikiwa haki itatendeka, ni lazima isemwe kwamba hati ya Herreshoff ilihusu hasa namna ya kuiunganisha miili ile kwa viungo vinavyonyumbuka, ili kila mmoja upande na kushuka na wimbi lake. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi hodari, na hakuna sababu ya kumnyima. Mzozo hauko naye. Uko na wale waliokuja baadaye wakaligeuza fundo moja la kamba kuwa kamba nzima.

Kamba hiyo ni ndefu. Mwaka 1686 William Dampier alifika Guam, akaona mitumbwi ya wenyeji, Wachamoro, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1697 aliandika kwamba hakuna watu duniani waundao vyombo bora kuliko vile. Mwaka 1742 George Anson, akiongoza manowari ya Kiingereza, alitia nanga Tinian, kisiwa jirani. Watu wake waliuteka mtumbwi wa namna hiyo, wakaufungua mbao kwa mbao ili waupime, wakauchora. Maelezo yake yakachapishwa mwaka 1748, na kwa maelezo hayo Ulaya ikajifunza jambo ambalo mabaharia wake hawakulijua.

Yafaa kuyatazama kwa makini yaliyokuwamo katika chombo kile. Kilikuwa na mrengu mmoja tu, nao ulikaa daima upande utokako upepo. Omo na tezi zilikuwa za umbo moja, kwa hiyo chombo hakikugeuzwa kamwe: mabaharia walilihamisha tanga kutoka ncha moja hadi nyingine, na iliyokuwa tezi ikawa omo. Ubavu wa upande wa chini ya upepo ulikuwa bapa, na ule wa pili ulikuwa na mviringo, ili chombo kisisukumwe kando. Kila kitu ndani yake kilijibu swali moja: mtu ataubebaje upepo mwingi kwa mti mwepesi bila kupinduka? Wazungu walilijibu swali hilo kwa kujaza mawe na risasi chini ya chombo. Wachamoro walilijibu kwa upana na wepesi. Chombo kile hakikuwa gogo lililochongwa kwa bahati njema. Kilikuwa hoja iliyofikiriwa hadi mwisho, yenye utangulizi, kiini na hitimisho.

Luteni Peircy Brett, aliyechora picha nyingi za safari ile, anajulikana kwa jina na cheo. Aliyekiunda chombo hana jina katika kitabu. Wala Tinian haikuwa na wenyeji wa kuulizwa: utawala wa Wahispania ulikuwa umekwisha kuwahamisha, baada ya vita na maradhi kuwapunguza. Mitumbwi mikubwa ya Wachamoro ilitoweka baadaye, na ujuzi wa kuiunda ukakatika. Vizazi vya baadaye vilipotaka kuunda tena mtumbwi wa babu zao, vililazimika kuuendea mchoro wa manowari iliyouteka. Huo ndio msiba ulio ndani ya mjadala huu, na ndiyo maana hauwezi kuachiwa matajiri wa mbio za mashua peke yao.

Watetezi wa madai ya zamani wana majibu mawili. La kwanza husema kwamba mwenyeji alibahatisha na mtaalamu akathibitisha: elimu ya kweli ilikuja na hesabu na vyumba vya kupimia upepo. Naam, vyumba hivyo vilitumika. C. A. Marchaj, bingwa wa elimu ya matanga, alilipima tanga la Pasifiki lenye umbo la gando la kaa, akaona kwamba katika baadhi ya njia za upepo linalishinda tanga la pembetatu la mashua za kisasa. Kipimo kilimthibitisha mwenyeji. Kisichotajwa ni nani aliyeitoa hoja iliyothibitishwa.

Jibu la pili lina nguvu zaidi. Husema kwamba bahari ni moja na upepo ni mmoja, basi watu wawili wasiojuana waweza kufikia umbo moja. Jambo hilo lawezekana, wala si aibu kuligundua tena lililogunduliwa. Lakini hati za uvumbuzi hazina huruma hiyo zinapogusa mali. Mwaka 1968 Hoyle Schweitzer na Jim Drake waliomba hati Marekani kwa ajili ya ubao wa kusimama wenye tanga la kuinamishwa kila upande. Kesi ilipofika katika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1985, hati yao ya huko ilibatilishwa, kwa kuwa mwaka 1958 mtoto wa miaka 12, Peter Chilvers, alikuwa amekwisha kuchezea ubao wa namna hiyo Hayling Island, na mwaka 1965 Newman Darby alikuwa amekwisha kuueleza wake katika jarida. Mchezo wa mtoto mmoja, kwa kuwa ulikuwa na mashahidi, ulitosha kuiangusha hati ya watu wazima. Je, kazi ya mataifa mazima ya mabaharia ina uzito mdogo kuliko huo?

Na wapo waliosema kweli bila kulazimishwa na mahakama. Woody Brown, aliyeishua Manu Kai huko Hawaii mwaka 1947, alieleza kwamba mitumbwi pacha aliyoiona Kiritimati wakati wa Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyompa fikra. James Wharram, Mwingereza aliyevuka Atlantiki kwa katamarani aliyoiunda mwenyewe katika miaka ya 1950, aliitaja Polinesia kuwa mwalimu wake mpaka alipofariki mwaka 2021. Kukiri huko hakukuwapunguzia sifa yoyote. Basi kumtaja mwalimu kunawezekana, na anayenyamaza amechagua kunyamaza.

Hapa pwani pia yako madai ya kupigwa breki. Wapo wanaosema kwamba ngalawa, na mirengu yake miwili, ni uvumbuzi wa Mswahili tangu na tangu. Penzi hilo linaeleweka, ila ni kosa lile lile lililogeuzwa kanzu. Ndugu wa ngalawa wako Komoro na Madagaska, na lugha ya Kimalagasi, kama alivyoonyesha Otto Christian Dahl mwaka 1951, ina udugu wa karibu na Kimaanyan cha Borneo. Mrengu ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na watu. Haki ya Mswahili ni nyingine, nayo yatosha: aliupokea mgeni huyo, akaufunga kwenye gogo la mwembe, akautweka tanga la pembetatu la jamaa wa jahazi, akapata chombo kinachoingia juu ya miamba ambako jahazi haliwezi kufika. Mpokeaji wa namna hiyo naye ni mbunifu.

Wapenda ushairi wanaijua sheria hii kuliko mawakili. Mshairi hutunga katika bahari aliyoikuta. Mizani na vina vilikuwapo kabla hajazaliwa. Akitunga vizuri husifiwa, na katika beti za mwisho huliweka jina lake, na hakuna amwitaye mwizi. Lakini akisimama ukumbini na kudai kwamba utenzi aliuanza yeye, atachekwa mpaka ashuke.

Fundi wa vyombo hakupewa beti hiyo ya mwisho. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari, ulitoweka katika karne ya 20, na mafundi walioushona wamesahaulika karibu wote. Ngalawa nazo zinaundwa na watu ambao vipimo vyao vimo mikononi na machoni, havimo katika karatasi. Watoto wa visiwani wafundishwao kwamba ubunifu ni kitu kinachoshushwa na meli hupita kila siku mbele ya banda la fundi bila kuuliza kitu.

Basi lawama kwa Rhode Island zina mpaka wake. Kila ngalawa inayoshuliwa sasa ipimwe, ichorwe, na jina la aliyeiunda liandikwe pamoja na jina la aliyemfundisha, kabla hajaja mgeni mwingine na kalamu yake. Wachamoro walikuwa mabingwa wa bahari, na bado iliwabidi warithi chombo chao kutoka kwa aliyekiteka. Mwacha asili ni mtumwa; na asiyeiandika asili yake huja kuuziwa.