Siri za Nyumba za Watu ni Amana



Wazazi wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wana mabinti wanaosoma Eldoret, ama katika Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, ama katika Chuo Kikuu cha Eldoret. Hutokea mwalimu wa sayansi ya siasa akamteua binti wa shahada ya kwanza awe msaidizi wa utafiti, apite nyumba kwa nyumba akiwauliza watu juu ya uchaguzi, viongozi na ujirani. Mzazi asikiapo neno siasa, moyo humwenda mbio.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto hali ya kuwa watu wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliwahesabu waliouawa nchini nzima kuwa 1,133. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, kumuuliza mtu kabila lake au kura yake si jambo jepesi.

Hata hivyo, kazi yenyewe ina heshima na manufaa. Utafiti wa Afrobarometer nchini Kenya huwahoji watu wazima wapatao 2,400, na majibu yao husimama kwa niaba ya taifa zima, kwa kosa lisilozidi takriban asilimia 2 kila upande. Siri yake ni kuwa wahojiwa huchaguliwa kwa bahati nasibu. Msaidizi akiacha kanuni, akajichagulia jirani mchangamfu kwa kuwa jua ni kali, hesabu huharibika. Isitoshe, nyumba moja huhojiwa mwanamume na inayofuata mwanamke, ili sauti ya mama aliye jikoni ipate uzito sawa na ya mumewe barazani.

Jambo jingine ni kuwa muulizaji naye huathiri jibu. Mwaka 2016 Claire Adida na wenzake watatu walichapisha utafiti uliotumia data za Afrobarometer, wakaonyesha kuwa watu hujibu tofauti waulizwapo na mtu wa kabila lao na waulizwapo na mgeni, hasa katika maswali yanayogusa ukabila. Kwa hiyo binti wa Pwani mwenye buibui yake atafunguliwa mambo fulani na kufichwa mengine. Na ajue hivyo, asidhani ameambiwa yote.

Wazazi tuulize ya msingi kabla ya kutoa ridhaa. Je, mradi una kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti? Ni nani msimamizi, na nambari yake ya simu ni ipi? Je, wasaidizi hutembea wawili wawili, na hurejea kabla ya magharibi? Ujira na nauli vimeandikwa? Majibu yasiyoeleweka yanatosha kuwa sababu ya kukataa.

Lakini iko hatari ya pili, ambayo sisi nyumbani twaweza kuizusha wenyewe. Mhojiwa amemwamini binti yetu kwa neno ambalo pengine hata jirani yake halijui. Jina likiambatana na jibu, kisha karatasi ikaanguka mikononi mwa mwenye kisasi, huenda mtu akahamishwa nyumbani kwake. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeyaweka asili ya kikabila na imani ya mtu katika taarifa nyeti. Na kabla ya sheria hiyo, dini yetu ilikwisha kutufunza kuwa amana haina khiyana.

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Hapa binti ndiye kata, nasi tusimuulize. Arudipo likizo, tumuulize alijifunza nini kuhusu nchi yake, alivumiliaje baridi ya Uasin Gishu, na alimstahi vipi aliyekataa kumjibu. Nani alisema nini, katika nyumba ipi, na abaki nayo kifuani. Akinyamaza mbele ya mama yake mzazi, hajatukosea adabu. Ametimiza amana, na malezi yetu yameonekana.

Wabillahi tawfiq.