Usiniambie Kila Kilicho Hai Kitakufa

Wiki mbili zilizopita niliwasilisha semina kuhusu chura wa Kihansi. Nilipomaliza, kaka mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono. "Lakini dada, si kila kilicho hai kitakufa tu? Mbona kumlilia chura?" Darasa zima likacheka. Nikacheka na mimi, na hadi leo ninajuta.

Alichosema ni kweli, na ndicho kinachonikera. Chura huyu, asiyefika hata sentimita tatu, aliishi mahali pamoja tu duniani: kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, hekta chache zenye manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai, anazaa vyura wadogo waliokamilika. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, mradi wa bwawa la umeme ukiwa tayari unaendelea. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa ya maji ikahamishiwa huko na manyunyu yakakatika. Vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani. Korongoni zikafungwa bomba za kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 waliobaki wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukatajwa. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Chura mmoja kufa ni maumbile. Vyura wote kwisha kwa sababu maji yamegeuzwa njia, huo ni uamuzi, una tarehe na una sahihi. Sisemi bwawa lisingejengwa (naandika haya chini ya taa ya umeme, na simu iko chaji). Ninachokataa ni uamuzi wa watu kuvishwa kanzu ya maumbile ili asiulizwe mtu.

Maneno hayohayo nimeyasikia tena mwaka huu, kwenye msiba wa mjomba wangu. Alizidiwa usiku. Zahanati ilikuwa imefungwa na mwenye ufunguo hakupatikana mpaka alfajiri. Kwenye matanga, kila nilipotaja ufunguo, mzee mmoja alinigusa bega: "Mwanangu, siku yake ilikuwa imefika. Sote ni njia moja." Mama akaniambia ninyamaze, nisiwatie wageni aibu. Nikanyamaza. Nikagawa chai.

Najua sote ni njia moja, sihitaji kukumbushwa nikiwa na birika mkononi. Lakini mbona hatusemi hivyo mwizi anapoua? Hapo tunataka jina, tunataka polisi.

Halafu kuna hili ambalo yule kaka hakusubiri kulisikia. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurejeshwa korongoni. Kuna mtu alikaa miaka kumi akiwalisha wadudu na kuwapulizia maji, akijua vizuri kabisa kwamba kila mmoja wao atakufa.

Zahanati ya kijijini kwetu bado ina ufunguo mmoja. Nimeuliza wiki iliyopita.