Moshi wa Mjini si Ukungu

Katika mazoezi ya kufundisha tulimsikia mtoto wa darasa la tano akimwuliza mwalimu mwanafunzi: "Kwa nini jua la asubuhi hapa mjini ni jekundu na hafifu?" Akajibiwa, "Ni ukungu," na somo likaendelea. Kwa maoni yetu, hapo somo lilipotea.

Ukungu ni matone ya maji. Huutawanya mwanga huku na huku, anga likawa jeupe. Masizi ni kaboni inayobaki pale kuni au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha; hayo huufyonza mwanga wa rangi zote na kuugeuza kuwa joto. Ndipo jua hufifia. Tena, chembe ndogo za moshi hutawanya zaidi rangi ya buluu, nyekundu ikapenya.

Wapo watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na maabara hatuna. Hoja hiyo hatuikubali. Chukueni vipande viwili vya kioo. Kimoja mwalimu akipitishe juu ya mwali wa kibatari hadi kishike masizi. Cha pili kinyunyiziwe vumbi la chaki. Viwekwe juani juu ya karatasi nyeupe. Vyote vitatia kivuli, lakini cha chaki kitang'aa na cha masizi kitabaki cheusi. Baada ya dakika 10 watoto waviguse upande ulio safi: cha masizi kina joto zaidi. Na waseme wenyewe mwanga umekwenda wapi. Ila wasiruhusiwe kulitazama jua moja kwa moja.

Jambo hili si la mzaha. Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu mjini London kwa siku 5. Mchana ukawa giza, na watu wasiopungua 4,000 wakafariki. Huko nako watu walikuwa wamezoea kuuita ukungu tu. Sheria ya kuzuia moshi ilipitishwa mwaka 1956, baada ya maafa.

Basi, ndugu walimu watarajiwa, mtoto aulizaye habari za jua hafifu anauliza habari za hewa aivutayo kila siku. Asinyamazishwe kwa neno moja. Na mwalimu asiyejua jibu hana haja ya kuona aibu. Aseme, "Tuchunguze pamoja," kisha atafute kibatari na kioo.