‘Out of Africa’: Je, sinema hii yastahili sifa zote hizo?

WAHENGA walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mara nyingine mgema huwa hana hatia. Kosa ni la wanywaji, ambao humsifu hata wakasahau kuuliza mnazi wenyewe ulikuwa wa nani.

Sinema ninayotaka tuizungumzie Jumapili hii ni ‘Out of Africa’, iliyotolewa mwezi wa Desemba 1985. Ni vigumu kumpata mkazi wa Nairobi ambaye hajaisikia ikitajwa. Wanaopeleka watalii mbugani wameitumia kama tangazo, na wageni wengi huwa wameiona Kenya ndani ya sinema hiyo kabla ya kuiona kwa macho yao. Ukimwambia mzungu wa makamo kwamba watoka Nairobi, usishangae akianza kukusimulia habari za vilima vya Ngong.

Mpenzi msomaji, swali letu ni jepesi kuuliza lakini si jepesi kujibu. Je, sinema hii inastahili sifa ilizomwagiwa kwa miaka hii yote? Na sisi ambao picha hiyo ilipigwa kwetu, tuitazame kwa jicho gani?

TUZO SABA

Kwanza tuipe haki yake. Wakati wa kutolewa tuzo za Oscar mwaka 1986, sinema hii ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo 11. Ilinyakua 7, ikiwemo ile kubwa kabisa ya sinema bora ya mwaka. Mwelekezi wake, Sydney Pollack, alitwaa ya uelekezi, Kurt Luedtke ya uandishi, David Watkin ya upigaji picha na John Barry ya muziki. Mbili zilizosalia zilikuwa za upambaji wa mandhari na za sauti. Hiyo si zawadi ya bahati nasibu.

Hadithi inatokana na maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika nchini mwaka 1914 na kuolewa Mombasa na Bror Blixen. Wawili hao walijitosa katika kilimo cha kahawa chini ya vilima vya Ngong, kwenye shamba la ekari 6,000 ambazo kiasi cha 600 tu ndizo zilizopandwa kahawa. Ndoa ilivunjika. Mume alikuwa mtu wa kutangatanga na tena alimwambukiza mkewe ugonjwa wa zinaa. Karen akampenda mwindaji Mwingereza, Denys Finch Hatton, ambaye mwaka 1931 alikufa ndege yake ilipoanguka Voi. Mwaka huo huo Karen akapoteza shamba na kurudi kwao mikono mitupu. Kitabu chake kuhusu maisha hayo kilitoka mwaka 1937.

Hapa pana jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Mapenzi yanayojaa katika sinema hayamo hivyo katika kitabu. Mwandishi alimtaja Finch Hatton kama rafiki mpendwa, basi. Waliotengeneza sinema waliyachota mengi kutoka kwa vitabu vya watu wengine walioandika maisha yake. Mwanafunzi atakayekinunua kitabu akitarajia kukuta yale ya kwenye skrini, ajue mapema kwamba atakuta kitu tofauti.

PANAPOSTAHILI SIFA

Sifa ya kwanza ni ya nchi yenyewe. Sijui ni mara ngapi tumepita barabara ya Ngong ndani ya matatu, tukiwa tumeinamisha vichwa, bila kuvitazama vile vilima. David Watkin alivitazama. Katika mikono yake jua la asubuhi, vumbi la Maasai Mara na kivuli cha wingu juu ya nyasi vimekuwa kama waigizaji wenye sehemu zao.

Liko tukio ambalo Denys anampandisha Karen katika ndege ndogo ya manjano. Hakuna maneno. Ni muziki wa John Barry, mabonde chini, na maelfu ya heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani, wakitawanyika kama kitambaa kilichopeperushwa. Ukiitazama sehemu hiyo usiguswe na chochote, basi nenda ukapimwe.

Sifa ya pili ni ya Meryl Streep aliyeigiza kama Karen. Alijifunza lafudhi ya Kidenmaki hata unasahau kwamba ni Mmarekani. Klaus Maria Brandauer naye, kama mume asiyetulia, anakufanya umchukie na kumhurumia kwa wakati mmoja. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar na wote wawili hawakupata.

Kwa hiyo anayesema kwamba sinema hii ni takataka tupu anaonea. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kasoro ndogo ndogo nazo zipo. Marehemu Robert Redford alikuwa mwigizaji wa kupendeza, lakini Finch Hatton alikuwa mtoto wa lodi wa Kiingereza aliyesoma Eton na Oxford, ilhali Redford anazungumza Kimarekani kitupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kama kumpa mtu sehemu ya mzee wa Lamu, halafu azungumze Kiswahili cha Kariobangi. Tena sinema yenyewe ni ndefu, saa mbili na dakika 41, na vijana waliozoea picha za mateke na magari yanayolipuka wataanza kupiga miayo kabla ya nusu.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa liko kwingine.

WENYEJI WAKO WAPI?

Nilipoitazama tena hivi majuzi pamoja na watoto wangu, binti yangu aliye shule ya upili alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: “Baba, hawa watu wakimaliza kazi huenda wapi?”

Alikuwa akiwasema wapishi, wachuma kahawa, wabeba mizigo na watoto wanaochungulia milangoni. Na kweli, ukichunguza utaona kwamba karibu kila Mwafrika anayejitokeza katika sinema hii anajitokeza kwa sababu Karen yupo hapo. Kamante anaingia kwa kuwa ana kidonda cha mguu cha kutibiwa na Karen. Chifu Kinanjui anaingia kwa kuwa Karen anataka kufungua shule. Farah, msimamizi wa nyumba, yupo kila mahali, lakini hatuambiwi anaota nini akilala.

Tazama pia yale ambayo hayamo. Sinema inachukua kipindi cha kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia hadi mwaka 1931. Baada ya vita hivyo ndipo wanaume wa Kiafrika walipolazimishwa kutembea na kipande shingoni kama mbwa mwenye namba. Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga hayo na mengine, na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi kudai aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume kwa woga wao. Risasi zikafyatuliwa na watu wasiopungua 21 wakafa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Leo barabara inayopita mbele ya Hoteli ya Norfolk inaitwa Harry Thuku.

Hayo yalitokea mwendo mfupi tu kutoka shamba la Karen. Bila shaka wafanyakazi wake walizisikia habari hizo na kuzinong’ona jikoni. Katika sinema hakuna hata mnong’ono.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki mwaka 2025, alikikosoa vikali kitabu cha Blixen kwa jinsi kinavyowafananisha Waafrika na wanyama. Sinema haikufika huko, na kwa hilo tuishukuru. Inawapa watu wetu heshima fulani. Lakini ni heshima ya mtu anayesimama kimya nyuma ya kiti.

KUPIGA MAGOTI

Kuna sehemu moja ambayo mimi naiona ndiyo kiini cha sinema yote. Shamba limeuzwa. Wakikuyu wanaoishi humo watafukuzwa. Karen anakwenda kwa gavana mpya na mbele ya wageni wote anapiga magoti, akimsihi awape watu hao mahali pa kukaa pamoja.

Hilo la kuwaombea lina ukweli ndani yake. Blixen halisi alihangaika kutoka ofisi hadi ofisi hadi watu hao wakatengewa sehemu upande wa Dagoretti. Ni tendo jema, na si walowezi wengi waliojisumbua kiasi hicho. Streep analifanya kwa namna inayoumiza moyo.

Lakini hebu tujiulize kidogo. Ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla ya kuwa ya kampuni ya kahawa? Mwanamke anapiga magoti kuwaombea watu kipande cha ardhi katika nchi yao wenyewe, na muziki unatutaka tulie kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake. Wale wanaofukuzwa wamesimama mbali, nje ya picha. Baadaye shamba lilikatwa viwanja, na leo ni mtaa wa Karen wenye nyua ndefu na malango ya chuma.

Kuna watakaonijibu kwamba hii ni hadithi ya mapenzi ya mtu mmoja, si somo la historia, na kwamba mwandishi ana haki ya kusimulia alichokiona kwa dirisha lake. Nakubali. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoandika kitabu cha mwenzake. Lakini sifa za sinema hii hazikuishia kwenye mapenzi ya watu wawili. Iliuzwa kama picha ya Afrika, na jina lenyewe linadai hivyo. Ukijiita Afrika, basi sharti Waafrika wakuulize maswali.

WALIOFANYA MENGI KWA MACHACHE

Kabla ya kutoa uamuzi wangu, naomba tuwakumbuke waigizaji ambao majina yao hayakuwekwa kwenye mabango. Malick Bowens, mzaliwa wa Mali, ndiye Farah. Mtazame akiwa kimya, maana macho yake yanasema mambo ambayo mwandishi hakumpa ayaseme. Anapomwambia Karen kwamba maji ya mto lazima yaende kwao Mombasa, kuna hekima na kejeli ndani ya sentensi hiyo moja kuliko katika hotuba zote za mabwana wa klabu. Joseph Thiaka ni Kamante, kijana mwenye fahari ya ajabu. Stephen Kinyanjui ni chifu.

Na yupo Kanuthia, mtumishi wa Finch Hatton, aliyeigizwa na Job Seda. Jina hilo huenda halikuambii kitu. Huyo ndiye aliyekuja kujulikana duniani kama Ayub Ogada, mpigaji nyatiti wa ‘Kothbiro’, aliyefariki mwaka 2019. Fikiria basi: msanii mwenye kipaji cha kiasi hicho alikuwa mbele ya kamera hiyo, na kazi aliyopewa ni ya kumfuata bwana nyuma.

UAMUZI

Je, sifa zinastahili? Kwa upigaji picha, muziki na uigizaji wa Streep, naam, zote saba wachukue. Kama hadithi ya mwanamke aliyejaribu, akapenda na akapoteza, ni sinema nzuri. Kama picha ya Kenya ya siku hizo, ni nusu ya picha, na nusu iliyokosekana ndiyo yetu.

Kwa hiyo sisemi isitazamwe. Itazameni, tena kwa pamoja, wazazi na wale watoto wakubwa kidogo, maana kuna mambo ya watu wazima ingawa yamefunikwa kwa adabu. Wazazi, msikae tu mkisifu mandhari. Simamisheni sinema katikati mwulize watoto: Huyu anayepika anaitwa nani? Kwao ni wapi? Mbona yeye haulizwi anataka nini?

Kisha siku moja wapelekeni katika jumba la makumbusho la Karen Blixen. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912, ikatolewa kwa Kenya na serikali ya Denmark kama zawadi ya uhuru, na kufunguliwa kwa umma mwaka 1986, wakati dunia nzima ilipokuwa ikiizungumza sinema hii. Msidanganyike, matukio ya nyumbani hayakupigwa humo bali katika nyumba nyingine iliyo karibu. Lakini vilima ni vile vile. Mkiwa pale, waonyesheni watoto upande wa Dagoretti na mwaambie ni akina nani walihamishiwa huko, na kwa nini.

Kwenu wanafunzi wa vyuo mnaosomea sanaa na uandishi, nina ombi moja. Mwaka 2012 ‘Nairobi Half Life’ ilituonyesha kwamba mtoto wa kwetu anaweza kushika kamera na kuusimulia mji wake bila kuomba ruhusa. Jikoni mwa shamba lile la Ngong bado kuna hadithi ambayo haijasimuliwa. Usiku ule wa Machi 1922, baada ya bibi kwenda kulala, mpishi alimwambia nini mtunza bustani? Atakayeiandika hiyo, hata asipopata Oscar, mimi nitalipa kiingilio mara mbili.

Tembo ni tamu, tusikatae. Ila na aliyepanda mnazi naye atajwe.