Mti Hauhami, Jina Lake Huhama

Bustani ya mimea ya Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale, haina bustani ya namna hiyo; ina msitu. Tofauti hiyo ina uzito kwa mpiga picha. Katika bustani, jina la mti kwa kawaida limeandikwa kwenye kibao. Msituni jina limo kinywani mwa mtu, na katika Kivu Kaskazini mtu huyo mara nyingi amekimbia vita.

Kwa hiyo nasema: picha ya mti, tunda au mnyama wa Ntoto isiyo na jina la Kihunde au la Kinyanga ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni yetu sisi wanaisimu.

Wapo watakaosema jina la Kilatini latosha, kwa kuwa linaeleweka duniani kote. Ni kweli, ila nalo limewahi kukopa kwetu: Okapia, jina la kisayansi ambalo okapi alipewa mwaka 1901, latokana na lile walilomwita wenyeji wa msitu wa Ituri. Zaidi ya hayo, Kilatini hakionyeshi jinsi wasemaji wanavyoupanga ulimwengu wao. Kiswahili sanifu kina mwembe na embe, mpera na pera. Kiambishi chatenga mti na tunda lake. Mitaani Goma tunasema "muti ya maembe", na mpangilio tayari ni mwingine. Kihunde na Kinyanga hufanyaje, tunda kwa tunda? Weka mbele ya mzee picha ya mti na picha ya tunda lake, naye atakujibu kwa lugha yake bila kupitia neno la Kifaransa.

Mfano mzuri tunao. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha utendi wa Mwindo pamoja na matini yake ya Kinyanga. Hawakuridhika na tafsiri peke yake. Nasi tusiridhike na picha peke yake.

Napendekeza hivi. Walio karibu na msitu wapige picha za jani, gome, ua na tunda. Sisi tuzipeleke kwa wazee waliohamia Goma na kwingineko, tuwaombe ruhusa, tuandike umoja na wingi wa kila jina. Turekodi na sauti, maana lugha hizi zina toni, na tahajia ya kawaida haizionyeshi. Kwa picha za gorila, tufute taarifa za mahali ambazo simu huzihifadhi, zisije zikamwongoza jangili.

Simu tunazo, na wazee tunawafahamu. Tuanze wangali hai wanaoyajua majina.