Jembe ni la Mama, Hati ni ya Nani?

Mtu apitaye katika mashamba ya Nyeri, Kakamega au Machakos alfajiri, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, huwakuta wanawake wamekwisha kuinama juu ya majembe yao. Kila mtu kijijini hulijua shamba kuwa ni la mama fulani, kwa maana yeye ndiye alimaye, apaliliaye na avunaye. Walakini rejista ya ardhi ikifunguliwa, mara nyingi jina la mama huyo halimo. Maadamu nyumba ina amani, jambo hilo huonekana kuwa dogo. Siku mume anapofariki, au anapomfukuza mkewe ili aoe mwingine, ndipo watu wote hutambua kwamba halikuwa dogo hata kidogo.

Yafaa ikumbukwe kwamba mambo hayakuwa hivi tangu asili. Katika makabila mengi ya wakulima ardhi ilikuwa ya ukoo, wala mtu mmoja hakuweza kuiuza apendavyo. Mwanamke alipoolewa alionyeshwa sehemu yake ya kulima, akawa na ghala yake mwenyewe. Hakuhesabiwa kuwa mwenye ardhi, lakini haki yake ya kulima na kulisha watoto wake ilijulikana kwa wazee na majirani, na mtu aliyetaka kumwondoa alipaswa kuwaeleza wazee sababu yake.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza kuufuata mpango wa Bwana R. J. M. Swynnerton wa Idara ya Kilimo. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, na mwenye shamba akapewa hati. Katika Mkoa wa Kati kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, wanaume wengi wakiwa kizuizini na wake zao wakiwa katika vijiji vilivyozungushiwa maboma. Haikosi kusemwa kwamba mpango ule ulikuwa na faida zake: mkulima aliweza kupanda kahawa na chai, na kukopa fedha kwa dhamana ya shamba lake. Lakini jina lililoandikwa lilikuwa kwa kawaida la mkuu wa nyumba, yaani mwanamume.

Ndipo tofauti kubwa ilipotokea. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1963, mtu aliyeandikwa alihesabiwa kuwa mwenye mali kamili, na mapema katika miaka ya 1970 mahakama ziliamua katika kesi kadhaa kwamba usajili huo umezifuta haki za kimila. Mume aliweza kuuza shamba au kuliweka rehani, na mke akapata habari siku ya mnada. Wazee waliokuwa mashahidi wake hawakuwa na nguvu tena mbele ya karatasi. Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Walakini hati yaweza kumtupa.

Katika miaka hiyo hiyo wanawake walikuwa wakiendelea kwa mambo mengine. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, na vikundi vyake vikaenea vijijini vikifundisha kushona, kupika, usafi na malezi ya watoto. Mafunzo hayo yalisaidia nyumba nyingi. Hata hivyo, kujua kuitunza nyumba vizuri ni jambo moja, na kujua nyumba hiyo ni ya nani kwa sheria ni jambo jingine.

Sheria imekwenda polepole, lakini imekwenda. Sheria ya Urithi iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981 haikubagua kati ya watoto wa kiume na wa kike. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, iliyoketi Eldoret, ilipokea kesi ya jamaa mmoja ambamo Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana ekari 30 kila mmoja na binti ekari 5 kila mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ya siku zote, kwamba binti ataolewa aende zake. Mahakama ya Rufani ilikataa, ikasema kwamba matumaini ya kuolewa si sababu ya kumpunguzia mtoto urithi wake.

Baadaye ilikuja Katiba ya mwaka 2010, ambayo inasema kwamba mume na mke wana haki sawa wanapooana, wanapoishi pamoja na ndoa inapovunjika. Kisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikataja waziwazi kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo ni mchango katika mali, sawa na fedha zinavyohesabiwa kuwa mchango. Kadhalika sheria hiyo hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani pasipo idhini ya maandishi ya wote wawili.

Walakini asiwepo mwanamke atakayelala usingizi kwa ajili ya maneno hayo mazuri. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa Katiba hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja hana budi kuuthibitisha mchango wake. Mke aliyelima miaka 30 bila kuweka hata stakabadhi moja ya mbegu au ya karo atapata taabu kuyathibitisha hayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako wanaume wasemao kwamba mke akiandikwa katika hati ataota kiburi, na binti akirithi ataipeleka ardhi ya ukoo kwa wageni. Mtu wa namna hiyo na ajiulize mambo mawili. Je, mashamba mangapi katika kata yake yamekwisha kuuzwa kwa wageni, na waliotia sahihi walikuwa mabinti au wana? Tena, ikiwa yeye mwenyewe atafariki kesho, angependa mama wa watoto wake asimame mbele ya ndugu zake akiwa na kitu gani mkononi?

Basi, mambo ya kufanya si magumu. Mume na mke na waende pamoja katika ofisi ya ardhi wakaulize shamba limeandikwa kwa jina la nani, na wakikubaliana liandikwe kwa majina yao wote wawili. Ndoa na isajiliwe, hata ile ya kimila, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inavyotaka, maana mjane asiye na cheti huanza kwa kuthibitisha kwamba aliolewa. Mke na aijue namba ya shamba kama ajuavyo majina ya watoto wake, na stakabadhi ziwekwe mahali ambapo wote wawili wanapajua. Mwanamume mwenye busara na aseme mapenzi yake juu ya mabinti zake angali hai, mbele ya mashahidi, na kuyaandika.

Mwanamume afanyaye hivyo hapunguziwi heshima yoyote. Siku ya mazishi yake watu watakuja kulia, na wakiisha kulia watakwenda makwao, wala hapatakuwa na mtu wa kubaki uani akipima shamba kwa macho.