Yatima wa Mombasa

Kila nipitapo Fort Jesus humkumbuka Yusuf bin Hassan. Mwaka 1614 babake, sultani wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri Wakatoliki, akabatizwa, akaitwa Jerónimo. Mwaka 1626 alirejeshwa Mombasa awe mfalme.

Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Mreno kwa mkono wake, akarudi katika Uislamu. Wareno waliuawa, na Waafrika waliobatizwa wakauawa pia, wanawake wakiwamo.

Wakatoliki waliwaita hao mashahidi. Wengi wetu tulimwita Yusuf shujaa. Mimi nasema kila upande umeshika nusu ya kisa. Damu ya wasio na silaha haina la kutetewa. Lakini nani aliyeanza kumnyang'anya mtoto babake, kisha jina lake?

Mwaka 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kanisa Katoliki lilitamka wazi kwamba mtu asishurutishwe katika dini. Hayo nasi tulifunzwa chuoni tungali wadogo. Basi hapo tumekutana.

Hata leo mayatima wetu hulelewa katika nyumba za dini mbalimbali. Mlezi awe padri au awe sheikh, ampe mtoto chakula, ampe elimu, wala asimfiche nasaba yake. Yatima ni amana, si nyara. Ukimfanya nyara, ipo siku atakudai.